Miwani, taa, matone na vidonge: fundi cherehani apima vifaa vya macho

Kipimo changu cha kifaa chochote cha macho ni kile kile: uzi mweusi, sindano nyembamba, suruali nyeusi, saa kumi alasiri. Nikikitumia na uzi ukapita tunduni bila mimi kukunja uso, na pindo likaisha macho hayajaanza kuwasha, kifaa hicho kinabaki mezani. Kikishindwa kinaenda kwenye droo ya zipu mbovu, hata kama boksi lake limejaa picha za madaktari wenye makoti meupe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kwenye biashara ya macho, vinavyojitembeza ni vingi.

Mimi ni fundi cherehani. Umri umevuka arobaini na tano, mbali naona vizuri, karibu ndiko kwenye kesi. Tathmini nyingi za vitu vya macho huandikwa na watu wa kompyuta. Wana haki yao ya kulalamika, ila jicho la anayetarizi, anayeweka vifungo au anayetengeneza saa lina shida ambazo wao hawazigusi. Kwa hiyo nitasema vilivyopita mezani kwangu, vilivyobaki na vilivyoondoka.

Nianze na miwani ya kusomea, maana ndiyo iliyobadilisha kazi yangu kuliko vyote. Ndani ya jicho kuna lenzi inayojitunisha ili uone karibu na kujinyoosha ili uone mbali. Miaka inavyokwenda lenzi hiyo inakakamaa, na kuanzia arobaini hivi karibu kila mtu anaanza kusogeza maandishi mbali na uso. Si ugonjwa, wala hauletwi na kushona sana. Na yale maneno ya kila kona, kwamba ukivaa miwani mapema unayazoesha macho uvivu, hayana ukweli. Lenzi inakakamaa uvae usivae. Asiyevaa anashona kwa kubahatisha, basi.

Faida yake imepimwa, tena kwa watu wa kazi za mikono. Huko Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea walipewa miwani ya karibu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na uchumaji wao ukapanda kwa zaidi ya asilimia 20 kuwapita wenzao ambao walikuwa bado hawajapewa. Nchini Bangladesh, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kipato cha waliopewa miwani kimepanda kwa theluthi moja hivi ndani ya miezi minane. Mimi sikushangaa. Fundi anayeliona tundu la sindano mikono yake haikimbii kuliko ya mwenzake. Tofauti ni kwamba hafumui. Na kufumua ndiko kunakokula siku.

Sasa, miwani ipi? Namba ya miwani ina hesabu rahisi ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Kipimo chenyewe ni dayopta, kilichopendekezwa na daktari wa macho Mfaransa, Ferdinand Monoyer, mwaka 1872. Gawanya mita moja kwa namba ya miwani, utapata umbali: +1.00 ni mita moja, +2.00 ni sentimita 50, +2.50 ni sentimita 40. Kwa jicho ambalo lenzi yake imeishiwa nguvu kabisa, hapo ndipo kitu kinapoonekana wazi. Jicho la miaka arobaini na kitu bado lina akiba yake, hivyo linatosheka na namba ndogo kuliko hesabu inavyosema. Ukienda dukani ukajipima kwa ile kadi ya herufi, umeishika sentimita 35 kutoka usoni, utatoka na miwani ya kusomea kadi. Cherehani haikai hapo. Chukua tepu yako upime. Kutoka jichoni hadi kwenye sindano ya cherehani mimi napata kama sentimita 45. Tarizi ya mkono iko karibu zaidi, 30 hivi. Meza ya kukatia, nikiwa nimesimama, inafika 70. Miwani moja haiwezi kuhudumia vyote vitatu. Ile ya kutarizia ukiivaa kwenye meza ya kukatia, mstari wa chaki unatawanyika na kichwa kinaanza kugonga.

Kwa hiyo ninazo mbili: ya namba ndogo kwa cherehani na meza, ya namba kubwa kwa vifungo, tarizi na kufumua. Moja fremu nyekundu, nyingine nyeusi, ili nisihangaike kusoma namba iliyochapwa ndani ya mkono wa fremu kwa herufi ambazo mwenye kuhitaji miwani hawezi kuzisoma. Aliyebuni hilo ana utani wake.

Nilijaribu pia zile lenzi ambazo namba yake inabadilika taratibu kutoka juu kwenda chini. Kwa mwalimu au dereva naielewa. Kwangu ilishindwa, kwa kuwa sehemu ya karibu iko chini kabisa ya lenzi, tena nyembamba. Ili niione sindano iliyo mbele yangu ilinibidi niinue kidevu, na ukishona kola huku kidevu kiko juu, jioni inayokuuma ni shingo. Zipo lenzi za namna hiyo zilizotengenezwa kwa umbali wa kati na wa karibu tu, zinazouzwa kwa watu wa ofisini. Hizo zinamfaa fundi zaidi, lakini ni za kupimwa, si za kuokota dukani.

Miwani ya dukani, ile inayotundikwa kwenye kizimba cha kuzunguka, ina udhaifu wake wa kuzaliwa: lenzi zote mbili zina namba moja, na kitovu cha kila lenzi kimewekwa kwa uso wa mtu wa kati na kati. Macho yangu mawili yanalingana karibu sawa, ndiyo maana inanifaa. Mwenye jicho moja dhaifu kuliko jenzake, au mwenye astigimatizimu, yaani mistari ya upande mmoja anaiona na ya upande mwingine inafifia, hiyo si yake. Ataumwa kichwa na kulilaumu cherehani. Kabla ya kununua, ishike mbali na uso, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi, halafu isogeze polepole. Ukingo ukipindapinda, irudishe. Na ukishainunua usiifute kwa kipande chochote cha kitambaa kilichodondoka chini ya meza. Vumbi la chumba cha kushonea linakwaruza lenzi kuliko unavyodhani. Maji, tone la sabuni, kitambaa safi cha pamba.

Baada ya miwani, ukinilazimisha nibaki na kitu kimoja tu, nitabaki na taa. Jicho linavyozeeka mboni inakuwa ndogo na lenzi inaingia umanjano, hata ikasemwa kuwa mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Msaidizi wangu bado kijana kabisa. Anashona kwenye kona ambayo mimi naona ni usiku, na kila nikimwambia awashe taa ananitazama akidhani natania. Umanjano huohuo ndio unaofanya uzi mweusi na uzi wa buluu iliyokolea vionekane ndugu. Nimewahi kuona koti zima jeusi limeshonewa vifungo kwa uzi wa buluu, na kila aliyeingia mlangoni na mwanga wa mchana mgongoni alikiona kile ambacho fundi wake hakukiona.

Kwa hiyo taa ninaipima kwa mambo mawili, na wingi wa mwanga ni la pili. La kwanza ni rangi. Kwenye boksi tafuta herufi CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi ilivyo. Kikomo chake ni 100. Taa niliyonayo sasa inavuka 90, na chini yake ule ugomvi wa mweusi na buluu umekwisha. Ile ya zamani ilikuwa ya 80. Ilikuwa na mwanga mkali kweli, lakini uzi mwekundu wa damu ya mzee na wa kahawia ilikuwa inavichanganya. Halafu kuna namba ya kelvin: 4000 hadi 5000 inakaribia mwanga wa mchana, 2700 ni ile ya njano ya chumba cha kulala. Fundi anahitaji ya kwanza.

Kasoro za taa yangu? Shingo yake inalegea. Naikaza kwa bisibisi, baada ya muda inainama tena, na ninapolisukuma gauni zito chini ya mguu wa cherehani mtikisiko unaiinamisha usoni kwangu. Swichi ya kugusa nayo ni balaa kwenye meza ya fundi, kwa sababu kitambaa kikiipitia tu, taa inazima. Ningekuwa nanunua leo ningetafuta ya swichi ya kubonyeza. Ina kioo cha kukuza kilichounganishwa pembeni, ambacho kwa kufumua nyuzi za rangi moja na kitambaa ni kizuri sana, ila kikiachwa wazi dirishani jua linapita humo na kukusanyika mahali pamoja, na mahali penyewe pakiwa na vipande vya kitambaa, moto hauko mbali. Kifuniko chake nisipokitoa kwa kazi hakitoki.

Taa uiweke upande wa mkono usioshika sindano, kivuli cha mkono kisikae juu ya kazi, na balbu yenyewe usiione moja kwa moja. Sehemu nyingine ya chumba nayo isiwe giza. Jicho linalotoka kwenye meza nyeupe na kuingia gizani kila linapoinuka linachoka upesi.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu nitaipitia haraka. Nilinunuliwa na mwanangu baada ya kuniona nikikodolea simu, maana siku hizi mteja haleti mchoro, analeta picha ya mshono kwenye simu na anataka mkono wa gauni uwe hivyo hivyo. Mwaka 2023 Cochrane, kundi la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilichambua majaribio 17 ya lenzi hizo na kuona kuwa kwa muda mfupi huenda hazipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Chuo cha madaktari wa macho cha Marekani nacho hakizipendekezi kwa kazi ya kompyuta. Mimi nina sababu yangu ya ziada: yangu ina rangi ya njano kidogo, na fundi aliyelipia taa ya kuonyesha rangi sawasawa hawezi kuvaa kitu cha kuzipotosha tena. Ninaithamini kwa sababu ya aliyeinunua. Iko kwenye droo ya zipu.

Kuhusu kupumzisha macho, kanuni maarufu ni ya 20-20-20: kila dakika 20, tazama kitu kilicho futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Aliyeipa sura hiyo ni Jeffrey Anshel, mtaalamu wa macho wa Marekani. Sababu yake inaeleweka: ukitazama kuanzia mita 6 kwenda mbele, msuli unaoitunisha lenzi unaachia karibu kabisa. Programu za simu za kukumbusha hilo ziko tele. Niliweka moja, yenye sauti ya kengele na jicho lililochorwa linalopepesa. Kwa mtu wa ofisini nadhani inafaa. Kwa fundi inalia katikati ya mshono wa zipu ya kufichwa, na hakuna fundi atakayesimamisha mshono huo kwa sababu ya simu. Unainyamazisha mara ya kwanza, ya pili, halafu unaizoea kama unavyozoea kelele ya feni.

Nilichobaki nacho hakiuzwi. Bobini ikiisha uzi, siijazi kabla sijatazama dirishani hadi mwisho wa upeo ninaouona. Pasi ikipata moto, vilevile. Bobini kwenye kazi yangu huisha mara nyingi za kutosha, na hapo mikono imeshasimama yenyewe, sikatizwi. Mwenye kazi nyingine atafute bobini yake: simu ikikatika, ukurasa ukiisha, maji yakichemka.

Sasa matone, na hapa naomba usome polepole, maana ndiko kwenye madhara.

Kwa kawaida mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika. Akikazia macho kitu kwa umakini idadi inashuka hadi nusu au chini yake, na machozi yanayotakiwa kutandazwa upya kila mara yanakauka. Ndipo unaposikia mchanga machoni, au jicho kinyume chake linatoa machozi mengi bila kilio. Kabla ya chupa yoyote, angalia feni inapuliza wapi. Yangu ilikuwa inanipuliza usoni; niliishusha ipulize miguuni, na nusu ya tatizo ikaondoka.

Chupa za matone zinafanana sana na zilizomo ndani hazifanani kabisa. Kuna machozi ya bandia, ambayo kazi yake ni kulainisha tu. Kwenye lebo utakuta maneno ya jamii ya selulosi au hayaluroneti. Kuna ya kuondoa wekundu, yenye dawa kama tetrahaidrozolini, ambayo inabana mishipa midogo ya damu ili jicho liwe jeupe. Dawa ikiisha nguvu mishipa inafunguka tena, ukizoea kuitumia wekundu unarudi mkali zaidi, nawe unarudi dukani. Jicho langu halihitaji kuwa jeupe. Linahitaji kuwa na maji. Sitoi nyota hata moja kwa chupa hizo.

Kuna na kundi la tatu. Mteja mmoja alinikuta nafikicha macho akatoa chupa mkobani: "Fundi, hii ni kiboko, tia matone mawili uone." Nikavaa miwani ya namba kubwa nikasoma: deksamethazoni. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Inatuliza kweli, tena upesi, na ndiyo hatari yake. Ikitumiwa kwa muda bila daktari kupima, inaweza kupandisha presha ya jicho hadi kuharibu mshipa wa kuonea, na inaweza kuleta mtoto wa jicho. Nikamrudishia, nikamwomba aende nayo kwa daktari wa macho aulize kama bado anatakiwa kuitumia. Chupa ya matone haiazimwi hata kama ni ya kulainisha tu; ncha yake imegusa kope za mtu.

Ndani ya machozi ya bandia yenyewe nimetumia aina tatu. Chupa ya kawaida yenye kihifadhi, yaani dawa ya kuzuia vijidudu ndani ya chupa, ni rahisi kuibonyeza na inadumu, lakini kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloraidi, kinaukera uso wa jicho kikiingia mara nyingi. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukihitaji matone zaidi ya mara nne kwa siku, uhamie yasiyo na kihifadhi. Vichupa vya dozi moja havina kihifadhi na ndivyo vilivyonipa nafuu safi kuliko vyote. Ubaya wake ni kwamba ukikizungusha kifuniko kinaacha ncha kali, ukitetemeka mkono unajikwaruza, na kilichobaki kinatupwa. Ya tatu ni chupa yenye vali inayozuia hewa kurudi ndani, nayo haina kihifadhi. Ndiyo ninayoitumia sasa. Kuibonyeza kunataka vidole vya fundi. Mama yangu hawezi. Jeli nzito niliipenda kwa usiku tu, kwa kuwa kwa dakika kadhaa inaweka ukungu, na ukungu na mkasi havikai pamoja.

Tone moja linatosha. Mfuko wa chini ya jicho haubebi zaidi ya hapo; la pili linaishia shavuni. Vuta kope ya chini, dondosha bila kugusa, funga jicho taratibu bila kulibana, bonyeza pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika moja. Nawa mikono kwanza, maana mikono ya fundi ina chaki, mafuta ya mashine na rangi ya kitambaa kipya. Tarehe ya kufungua iandike kwenye chupa, kwa sababu nyingi zinataka kutupwa baada ya siku 28, na lebo itakuambia. Na jicho likiuma hasa, likishindwa kuvumilia mwanga, likitoa usaha au kuona kukipungua ghafla, hayo si ya matone ya dukani. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuna watu ambao machozi yao si machache, ila yanakauka haraka kwa sababu mafuta yanayoyafunika ni kidogo. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vilivyopangana ukingoni mwa kope, ambavyo hadi leo vinabeba jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyevieleza mwaka 1666. Vikiziba, kinachosaidia ni joto la kadiri, nyuzi 40 na kidogo, kwa dakika 5 hadi 10, halafu kuikanda kope polepole. Nimetumia kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, na nimetumia barakoa ya macho ya kupasha yenye chembechembe ndani. Kitambaa kinapoa baada ya dakika mbili na kukuinua kila mara. Barakoa inashika joto hadi mwisho, na ni kati ya vitu vichache ambavyo naweza kusema boksi lake halikutia chumvi. Ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Na usishawishike kutumia pasi iliyo pembeni yako kukipasha kitambaa. Pasi haijui nyuzi 40.

Miwani ya jua: alama ya UV400, basi. Hiyo maana yake inazuia miale ya urujuanimno ya jua hadi urefu wa nanomita 400. Weusi wa lenzi si ushahidi wa kinga, na neno polaraizi linahusu mng'aro wa maji na lami, si miale hiyo.

Miwani ya kinga ndiyo mafundi wanayoicheka. Cherehani la kiwandani linaweza kupiga mishono elfu kadhaa kwa dakika; sindano ikigonga pini au jino la zipu inavunjika, na kipande hakichagui pa kwenda. Kimenipita sikioni. Yangu ni ya polikaboneti, plastiki ngumu, ina alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, na sehemu ya chini imewekewa nguvu ya kusomea, hivyo siihitaji miwani nyingine ndani yake. Inaacha alama puani na wakati wa joto inapata ukungu pembeni. Naivaa nikishona jinzi, turubai na zipu za chuma. Kwenye hariri naivua. Ikitokea kipande kimechoma jicho, usikifikiche, usikivute, usilibonyeze. Funika jicho kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe cha karatasi, uende hospitali.

Vidonge vya macho. Mchanganyiko uliofanyiwa utafiti wa maana ni ule wa AREDS2 wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, matokeo yake yakatoka mwaka 2013: vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeazanthini. Unapunguza uwezekano wa ugonjwa wa makula (sehemu ya katikati ya pazia la nyuma ya jicho), unaokuja na uzee, kusonga mbele kwa wale ambao tayari umewafikia kiwango cha kati. Kwa asiye nao haukuonekana kuuzuia. Beta karotini iliyokuwemo awali iliondolewa kwa sababu kwa wavutaji sigara iliongeza hatari ya saratani ya mapafu. Mimi makula yangu imepimwa na ni nzima, kwa hiyo vidonge sinunui. Anayevuta sigara na kumeza vidonge vya macho aache sigara kwanza, maana inachangia ugonjwa huohuo na mtoto wa jicho pia.

Kilichobaki ni huduma, si kifaa: kupimwa macho kwa ukamilifu. Niliahirisha kwa sababu miwani ya dukani ilikuwa inanitosha, na ndivyo wengi tunavyofikiri. Lakini kusoma herufi ukutani ni sehemu ndogo ya kipimo. Wanapima presha ya jicho na kutazama mshipa wa kuonea, kwa kuwa glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa huo, huanza kimya, bila maumivu, ikila pembeni mwa uoni, na kilichopotea hakirudi. Madaktari wengi wanashauri kipimo cha namna hiyo ufikapo miaka 40 hata kama huna shida, na mapema zaidi kama kwenu kuna mwenye glakoma. Mwenye kisukari apimwe retina, lile pazia la nyuma ya jicho, kila mwaka.

Ninachowapa alama nzuri walionipima ni kwamba waliniuliza kazi yangu. Nilikuwa nimekwenda na tepu na kile kijikaratasi cha vipimo vitatu, 30, 45 na 70, na mpimaji alikitumia badala ya kuniwekea umbali wa kitabu. Ninachowanyima ni kutonitahadharisha kuhusu dawa ya kupanua mboni. Ukitiwa, kila kilicho karibu kinakuwa ukungu na mwanga unachoma kwa saa kadhaa. Nenda na mtu wa kukurudisha, beba miwani ya jua, na siku hiyo usiahidi kukata kitambaa cha mtu.